Omba viatu kwanza: namna ya kukuza asasi ya vijana kwa kushirikiana na makampuni

Mwaka 1988 huko Boston, Marekani, vijana wawili waliowahi kuishi chumba kimoja pale Harvard, Michael Brown na Alan Khazei, walianzisha asasi inaitwa City Year. Kazi yake ni kuwakusanya vijana wajitolee mwaka mzima kwenye jamii. Sasa kijana anayeshinda kwa miguu yake kutwa nzima anahitaji viatu, wakaenda kuiomba Timberland, kampuni ya buti na nguo, jozi 50 za buti. Basi, jozi hamsini. Kampuni ikatoa. Baadae Jeffrey Swartz, mmoja wa wakuu wa Timberland, akaenda mwenyewe kujitolea nao kwa masaa machache, na kutoka hapo mambo yakawa mengine kabisa: 1992 Timberland ikaanza kuwapa wafanyakazi wake masaa 16 kwa mwaka ya kwenda kujitolea huku mshahara unaingia kama kawaida, baadae yakafika 40, ikawa ndio inawavalisha vijana wa City Year, hela ikaja kwa mamilioni ya dola, na Swartz akaja kuwa mwenyekiti wa bodi ya City Year.

Nimeanza na hii stori kwa sababu wengi tunaanzia mwisho wake. Mtu anaenda kuomba mamilioni wakati ndani ya ile kampuni hakuna hata mmoja anayemjua kwa jina. Nimekaa kwenye asasi za vijana miaka kadhaa sasa na hilo ndo kosa ninaloliona kila mara, na linaniuma sana maana mara nyingi kazi yenyewe ni nzuri, vijana wanabadilika kweli, ila mlango unafungwa kwenye ombi la kwanza tu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: omba kitu kidogo, kinachoeleweka, ambacho kampuni inacho tayari, halafu kitunze hicho ulichopewa mpaka wao wenyewe waanze kukuuliza kinachofuata ni nini.

Kabla hujagonga mlango

Hapa sitakaa sana. Uwe na cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye jina la asasi na saini zaidi ya moja, bodi ambayo inakutana kweli, na hesabu za mwaka jana, zikiwa zimekaguliwa ndo vizuri zaidi. Kampuni ikishaanza kuwa siriaz na wewe, mtu wa fedha ataziulizia hizi karatasi, na ukianza kuhangaika kuzitafuta wiki mbili nzima basi ile moto ya mwanzo inakuwa imeshapoa.

Kitu ambacho asasi nyingi hazina ni namba zao wenyewe. Sio namba za nchi nzima za ukosefu wa ajira, hizo meneja ameshazisikia mpaka basi. Namba zako. Walianza wangapi, walimaliza wangapi, miezi sita baadae wako wapi. Kaa chini na simu, wapigie waliomaliza mmoja mmoja, uandike kwenye jedwali. Utakuta wengine hawapatikani, wengine wamerudi kukaa nyumbani, na hao pia waandike, usiwafiche. Namba ndogo ya kweli inaaminika kuliko "tumewafikia maelfu ya vijana" ambayo mtu akikuuliza umewafikiaje unaanza kutafuta maneno.

Unamwendea nani

Usianze na kampuni kubwa inayojulikana kuliko zote. Kila mtu anaipelekea barua hiyo, na barua yako itakaa chini ya nyingine mia. Anza na watu ambao tayari wako karibu: wazazi wa vijana wako wanafanya kazi wapi, waliomaliza programu wameajiriwa wapi, wanabodi wanamjua nani, asasi yenu inachapisha wapi fulana, inanunua wapi vifaa, inaweka hela benki gani. Mwenye duka au karakana ya watu kumi anaamua palepale umesimama mbele yake. Kampuni kubwa inaamua kwa vikao, na bajeti yake kwa kawaida inapangwa miezi kadhaa kabla mwaka wao wa fedha haujaanza, kwa hiyo ukienda mwaka ukiwa katikati hata wakikupenda watakwambia hela ya mwaka huu imeshagawiwa. Uliza mapema mwaka wao wa fedha unaanza mwezi gani. Ni swali dogo, ila linakuokolea mwaka mzima.

Halafu elewa kwamba ndani ya kampuni moja kuna mifuko kadhaa na haijuani vizuri. Kuna wa uwajibikaji kwa jamii, kuna masoko, kuna rasilimali watu, na nyingine zina taasisi yao kabisa ya kutoa misaada. Mtu wa masoko anataka kampuni ionekane, mtu wa rasilimali watu anataka wafanyakazi wapya wanaofaa na wa zamani wasiondoke, mtu wa uwajibikaji kwa jamii anataka ripoti safi. Ombi lilelile ukilipeleka mlango usio wake litakufa, na sio kwamba ni baya. Pia angalia sheria ya ulipo, kuna nchi zinapunguza kodi kwa kampuni inayotoa msaada, na kuna India ambayo sheria yake ya makampuni ya 2013 inazitaka kampuni zilizofikia ukubwa fulani zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu kwenye shughuli za jamii. Ukijua kampuni inabanwa au inanufaika na nini, unajua na wewe uongee vipi.

Unaomba nini

Hela ni kitu kimoja tu kati ya vingi. Salesforce, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, ilipoanza 1999 ilijiwekea utaratibu wa kutoa asilimia 1 ya hisa, asilimia 1 ya bidhaa na asilimia 1 ya muda wa wafanyakazi, na mimi huwa natumia wazo hilohilo kuichambua kampuni yoyote: hela yao, vitu vyao, muda wa watu wao. Halafu naongeza cha nne ambacho kwa vijana kinapita vyote, yaani nafasi. Nafasi ya kuingia mle ndani, kuona kazi inavyofanyika, kujaribiwa, kuajiriwa.

Kwenye hiki cha nne tukae kidogo maana hapa ndo asasi ya vijana ina nguvu ambayo asasi nyingine hazina. Kampuni zinahitaji watu. Zinatangaza kazi, zinapokea maombi ya watu wasiofaa, zinaajiri, mtu anaondoka baada ya miezi mitatu, zinaanza upya, na yote hiyo ni gharama. Wewe una vijana unaowajua kwa tabia, unajua nani anawahi, nani anajifunza haraka, nani mkimya ila kazi yake haina doa. Gerald Chertavian aliliona hili alipoanzisha Year Up, hapohapo Boston, mwaka 2000: vijana wanafundishwa kwa miezi kadhaa, ujuzi wa kazi pamoja na namna ya kuishi ofisini, halafu wanaingia kwenye kampuni kwa mafunzo ya vitendo, na kampuni inalipia kila kijana inayempokea. Inalipa kwa sababu inapata mtu. Na matokeo yalipimwa kwa utafiti ambao vijana waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia programu na wengine hapana, ikaonekana muda mfupi baada ya programu waliopata nafasi walikuwa wanaingiza kama dola 1,895 zaidi kwa kila miezi mitatu, yaani asilimia 53 juu ya wenzao.

Sasa usiseme wewe hauna ukubwa wa Year Up. Unaweza kuanza na vijana wawili kwa wiki mbili kwenye kampuni moja. Ila hakikisha wanalipwa, au angalau nauli na chakula cha mchana vinalipwa, na uandike wataenda kujifunza nini. Kijana akipelekwa kubeba maboksi wiki mbili huo sio ushirikiano, ni kampuni kupata nguvu kazi ya bure kupitia mgongo wako, na yule kijana hatakuamini tena.

Ujumbe wenyewe

Watu wananiulizaga sana andiko la kuombea ufadhili liwe na kurasa ngapi. Mara ya kwanza hauhitaji andiko. Unahitaji ujumbe mmoja mfupi kwa mtu mmoja mwenye jina. Mfano, namba za hapa ni za kuonyesha tu:

"Habari za kazi dada. Mimi naitwa fulani, naratibu mafunzo ya kompyuta kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 waliomaliza shule na bado hawana kazi. Mwaka jana walianza 46, wakamaliza 39, na leo 22 kati yao wana kazi. Nimesikia kutoka kwa mmoja wa waliopita kwetu, yuko idara yenu ya stoo, kwamba mwezi wa sita mnabadilisha kompyuta za ofisini. Naomba tupatiwe 10 kati ya hizo zinazotoka. Fundi wetu atafuta data zote mtu wenu akiwepo, tutasaini kuzipokea, na baada ya miezi mitatu nitakutumia orodha ya kila kompyuta inafanya kazi gani. Naomba nikupigie alhamisi saa nne asubuhi, dakika kumi zinatosha."

Ona kilichomo. Umejitambulisha kwa mstari mmoja, namba ni zako, ombi ni moja na linahesabika, hofu yao kubwa (data) umeijibu kabla hawajaiuliza, na umesema utakachofanya baadae. Hamna "tunaomba mtushike mkono kwa chochote mtakachojaliwa". Hilo neno chochote ndo linaua, kwa sababu mtu wa ofisini hawezi kwenda kwa bosi wake kuomba aidhinishe chochote, anahitaji kitu chenye idadi.

Halafu alhamisi saa nne piga kweli. Asipopokea, tuma ujumbe wa mistari miwili, subiri wiki, jaribu tena. Mara tatu kimya, shukuru na uendelee na wengine bila maneno ya lawama, maana nimeshaona mtu akijibu baada ya miezi minane kabisa akiwa ameingia kwenye nafasi mpya.

Waite waje waone

Wakishakupa hicho kidogo, waite. Na usiwaandalie sherehe ya hotuba, waweke katikati ya kazi. Kuna siku tulimwalika mama mmoja wa rasilimali watu aje aongee na vijana kuhusu kutafuta kazi, amekuja na slaidi zake, amefika katikati binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida haongei, akanyoosha mkono akauliza: "Samahani mama, tangazo lenu la kazi ya mapokezi mnataka uzoefu wa miaka miwili. Huo uzoefu mtu wa kwanza anaupata wapi?" Kimya. Yule mama akaacha slaidi, akachukua kalamu, akaandika kwenye kidaftari chake, akamwambia binti nakujibu ila sio leo. Wiki tatu baadae akanipigia, wametoa kile kipengele cha miaka miwili kwenye nafasi za kuanzia, na wanaomba vijana wawili wa majaribio. Mmoja alikuwa yule binti. Hakuna andiko ningeliandika likafanya kazi ya lile swali, na mpaka leo nikimkumbuka alivyosimama anatetemeka kidogo na bado akauliza, nafurahi sana.

Ila kuna mambo ya ulinzi hapa usiyachukulie juujuu. Kama una vijana chini ya miaka 18, mgeni wa kampuni asibaki na mtoto peke yao, wanaokuja kuwa walezi wa muda mrefu wachunguzwe kama mnavyowachunguza wenu wa kujitolea, na picha zisipigwe bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Mtu wa masoko atakuomba "stori ya kugusa" ya kijana aliyepitia magumu. Muulize kijana kwanza, mwonyeshe itakavyotokea, na akikataa hata dakika ya mwisho basi imekataliwa, hata kama kampuni inasubiri.

Kwenye makubaliano

Urafiki usikufanye uache kuandika. Kurasa mbili zinatosha: nani anatoa nini na lini, nani msemaji wa kila upande, nembo itatumikaje, taarifa za vijana nani anaziona, inaisha lini na mkitaka kuachana mapema mnaachanaje.

Neno la kuangalia kwa macho mawili ni upekee, yaani kampuni inataka iwe peke yake kwenye sekta yake. Wanaweza kukuomba hivyo kwa msaada mdogo tu na ukajikuta umejifungia milango mitano. Na jina lako lina thamani kubwa kuliko unavyodhani, usilikodishe ovyo. Chama cha madaktari cha Marekani, American Medical Association, 1997 kilisaini na Sunbeam, kampuni ya vifaa vya nyumbani, jina lake likae kwenye bidhaa zao za afya, wanachama wakaja juu, kikajitoa, kampuni ikashitaki, na 1998 kikailipa Sunbeam dola milioni 9.9. Chama kikubwa hivyo kilijikwaa, sembuse asasi yetu ya watu sita. Kwa asasi ya vijana, mimi sipokei kabisa hela ya sigara, pombe wala kamari, na nashauri bodi yenu iandike msimamo wenu mapema kabla hela haijawekwa mezani, maana ikishakuwa mezani na mishahara imechelewa kila mtu anapata sababu nzuri ya kuikubali.

Ule mtindo wa "ukinunua bidhaa hii, sehemu inaenda kwa vijana" nao una historia. American Express, kampuni ya kadi za malipo, 1983 ilitoa senti moja kila kadi yake ilipotumika, na dola moja kwa kila kadi mpya, kwa ajili ya ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York, zikapatikana dola milioni 1.7, na matumizi ya kadi zao yakapanda zaidi ya robo. Wote walifaidika na sioni ubaya. Ila kampuni ikikuletea wazo hili, iandikwe ni kiasi gani hasa kwa kila bidhaa, kwa muda gani, na kuwe na kiwango cha chini utakacholipwa hata wasipouza sana, la sivyo jina lako litakuwa limefanya kazi miezi mitatu halafu unapewa hela ya kununulia karatasi.

Kutunza

Nguvu nyingi tunamaliza kwenye kupata, kwenye kutunza tumechoka. Panga kabisa mtu wa hili, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Kazi yake ni kuhakikisha kila ahadi iliyoandikwa inatimia kwa tarehe yake. Ulisema orodha ya kompyuta baada ya miezi mitatu, itume siku hiyo, ukurasa mmoja, hata kama mbili kati ya kumi zimekufa. Sema zimekufa. Siku moja kijana wetu aliacha kwenda kwenye kampuni iliyompokea, bila taarifa, na mimi kwa aibu nikakaa kimya siku nne nikitafuta cha kusema. Msimamizi wake alikuja kuniambia kwamba kilichomuudhi sio kijana, ni kwamba alijua kabla sijampigia. Tangu hapo habari mbaya natoa siku hiyohiyo.

Na usimtegemee mmoja. Timberland yenyewe 1995 ilipata hasara ikapunguza wafanyakazi, na hata hapo ambapo urafiki ulikuwa wa kina kiasi kile, wafanyakazi wakawa wanahoji kwa nini hela inaenda nje wakati wenzao wanaondolewa. Ushirikiano ulivuka, ila fikiria ingekuwa asasi yenye mfadhili mmoja tu. Mimi nikiona kampuni moja imefika theluthi ya bajeti yetu naanza kukosa usingizi, na natafuta wengine hapohapo huku mambo bado mazuri. Ndani ya kampuni vilevile, ujulikane na watu watatu, sio mmoja. Anayekupenda ataondoka siku yoyote, na atakayeingia kwenye kiti chake atakuta faili lenye jina la asasi asiyoijua.

Ombi la pili litoke kwenye la kwanza. Wametoa kompyuta, waombe fundi wao masaa manne kwa mwezi aje kufundisha. Fundi ameshawajua vijana kwa majina, hapo ndo unaomba nafasi mbili za mafunzo kwa vitendo, na yeye ndiye atakayekusemea kule ndani, sio wewe. Ikifika mwaka kaeni kikao cha saa moja, uwaulize wao wamepata nini na kipi kiliwachosha, uandike wanachosema. Kwenye vikao hivi ndipo nimeambiwa mambo ambayo nisingeyawaza, mfano kwamba vijana wetu wanaandika barua pepe vizuri ila simu ikiita ofisini wanaogopa kuipokea. Tukaongeza somo la simu, wiki mbili, simu mbili za mezani za zamani ambazo kampuni hiyohiyo ilikuwa inazitoa.

Na yule mtu wako akihama kampuni, mpigie wiki yake ya kwanza kazini kumpongeza, usiombe kitu. Mpe mwezi ajue watu na ofisi, halafu mtumie ripoti ya mwisho ya wale vijana aliowapokea kule alikotoka.